Mnara wa Beit al-Ajaib haukuwa wa Barghash

Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, iporomoke Unguja tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, na kuua watu wawili, husikika kwamba mnara wa saa ulioanguka ni ule ule wa Sultani Barghash wa Zanzibar. Sivyo.

Barghash alijenga jumba hilo mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli rasmi na sherehe: nguzo za chuma, roshani pana, milango mikubwa ya kuchongwa. Mnara ulikuwepo, lakini ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, na taa yake ikiongoza vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga eneo lote la kasri, kwa muda usiofika hata saa moja. Mnara ukaharibika, Beit al-Hukm, kasri la jirani, ikabomoka. Beit al-Ajaib yenyewe, ajabu kweli, haikuumia sana.

Mnara tuliouzoea kwenye picha ulipachikwa usoni mwa jumba mwaka 1897, Barghash akiwa amekwishafariki tangu 1888. Kwa hiyo anayetaka jumba lirudi “kama lilivyokuwa 1883” anaomba, pengine bila kujua, lijengwe bila mnara huo.