Stamina si mbio za kumkimbia kiboko

Kila habari ya kiboko kuonekana kandokando ya Mto Ruvu inapofika Bagamoyo mjini, au dereva anaposimulia alivyosimama kuwapisha tembo njia ya Saadani, kijiweni hakosekani wa kusema: "Mimi na stamina yangu hii, ataniwezea wapi?" Wenzake humwitikia, maana wanamjua. Ni mtu wa tizi kweli. Anakimbia kutoka Mji Mkongwe hadi magofu ya Kaole na kurudi, kilomita kama 10, na akifika anazungumza bila kuhema. Stamina anayo, hilo halina ubishi. Lakini alichokisema si kweli, na nimekisikia mara nyingi mno, hata kwa watu wanaofundisha vijana mazoezi. Mtu anaweza kupoteza maisha kwa kuamini jambo kama hilo, ndiyo maana naandika.

Stamina, au pumzi kama wengi tunavyosema, ni uwezo wa mwili kuendelea na kazi kwa muda mrefu kabla uchovu haujaulazimisha kupunguza mwendo au kusimama. Moyo unasukuma damu nyingi kwa kila pigo, misuli inaipokea oksijeni na kuitumia vizuri, na mafuta na sukari ya mwilini vinatumika kwa mpango. Hujengwa kwa wiki na miezi ya kukimbia, sehemu kubwa ikiwa mbio za pole. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina makuu.

Panapoharibika ni pale stamina inapogeuzwa kuwa jina jingine la kasi. Mtu akishtuka akatoka nduki, mwili hauanzi na stamina. Ndani ya misuli kuna akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari, isiyongoja oksijeni, na hiyo ndiyo inayotumika kwanza. Kwa mbio za nguvu zote haidumu zaidi ya sekunde kama 10. Ikiisha, mwili unategemea zaidi kuvunja sukari haraka haraka, bado bila kungoja oksijeni, na hapo ndipo mapaja yanapoanza kuwaka moto. Mfumo wa oksijeni, ambao ndio makazi ya stamina, huja nyuma ya hayo. Unahitaji dakika moja hadi mbili hivi mpaka ushike kazi sawasawa. Ndiyo maana hata mkimbiaji mzoefu huziona dakika za mwanzo nzito, kisha mwili unafunguka.

Sasa tupige hesabu. Kiboko ana tumbo linalokaribia kugusa chini na miguu mifupi, anayemtazama kwa mbali humdharau. Nchi kavu, kwa masafa mafupi, hufikia kilomita 30 kwa saa, yaani zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Mtu anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 50 anakwenda kilomita 12 kwa saa, mita 3 na kitu kwa sekunde. Tumwongezee mbio za woga, tuseme leo anakimbia mita 6 kwa sekunde, tena juu ya udongo wa mtoni na sio lami. Kiboko yuko mita 30 nyuma yake. Kila sekunde anapunguza zaidi ya mita 2, na kwenye sekunde ya 13 amefika. Katika sekunde hizo 13, stamina iliyojengwa kwa miezi haijapata hata nafasi ya kuingia kazini. Aliyezoea marathoni na asiye na mazoezi ya mbio ndefu wanakaribiana mno hapo. Anayewaacha wote ni kijana wa mita 100, ambaye ukimpa kilomita 5 huenda akakaa chini njiani.

Mfano mzuri wa tofauti hii tunao hapa nchini. Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde. Zaidi ya kilomita 42, stamina ndiyo iliyowafikisha uwanjani. Mita za mwisho ilibidi kila mmoja aitafute kasi iliyobaki miguuni. Ni vitu viwili, na siku ile vilipokezana mbele ya macho ya dunia nzima. Na ukigawanya muda huo wa Simbu unapata wastani wa chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa. Bingwa wa dunia, kwa mwendo uleule uliompa dhahabu, angefikiwa na kiboko.

Wapo waliokaa katikati. Mtanzania mwingine, Filbert Bayi, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, aliongoza tangu mwanzo na hakupitwa. Mbio za namna hiyo zinadai kasi, na zinadai mtu aistahimili hiyo kasi. Makocha huzifanyia mazoezi yake peke yake, si yale ya marathoni wala si yale ya mita 100. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema "stamina ya kasi" wakidhani wamemaliza ubishi, kumbe wametaja kitu cha tatu.

Hata kasi yenyewe haitoshi. Usain Bolt, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, alifikia kama kilomita 44 kwa saa. Simba kwa masafa mafupi hufikia kama 80. Nyati hupita 50.

Kosa hili lina chanzo chenye ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba binadamu, kwa masafa marefu na kwenye jua kali, ni miongoni mwa wakimbiaji wazuri kuliko wanyama wengi. Mwili wetu hauna manyoya mazito na una tezi za jasho kwa mamilioni, hivyo tunapoa huku tunakimbia. Wawindaji wa Kisan wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, wamewahi kumfuatilia kudu, yaani tandala, kwa saa kadhaa mchana wa jua mpaka joto limlaze mwenyewe. Na huko Llanwrtyd Wells, Wales, tangu mwaka 1980 watu hushindana na farasi, na mwaka 2004 Huw Lobb akawa mtu wa kwanza kuwashinda. Watu husikia haya wakaondoka na nusu ya habari. Kwenye uwindaji ule anayefukuza ni mtu. Kudu alishamwacha mbali kwa kasi mara nyingi tu. Mwindaji anamrudia kwa nyayo, anamwamsha tena, anamnyima kivuli na mapumziko. Stamina inafanya kazi pale mwenye muda ni wewe. Mnyama akishakuja juu yako, muda ni wake.

Kuna na matumizi mengine yanayonikera kidogo, ya mtu aliyeponea chupuchupu kusema "siku ile nilipata stamina ya ajabu." Ile ni adrenalini. Tezi zilizo juu ya figo zinaimwaga kwenye damu, moyo unaenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli, sukari inaachiwa, maumivu hayasikiki vizuri. Ni msaada mkubwa wa muda mfupi. Hatari ikishapita magoti yanalegea, mikono inatetemeka, mwingine anatapika. Huo ndio mwili ukirudi kutoka kwenye mshtuko, na hali hiyo humpata mwanajeshi kama inavyompata mama muuza samaki.

Kibaya zaidi, kukimbia mara nyingi ndiko kunakoharibu. Simba akikuona ukigeuza mgongo na kukimbia, umemwita akufukuze. Kinachoshauriwa ni kusimama umtazame, ujionyeshe mkubwa kwa kuinua mikono au shuka, upaze sauti, urudi nyuma taratibu. Tembo anayetanua masikio na kutikisa kichwa mara nyingi anakuonya, na anayefaa kumsikiliza anaondoka mapema, kimya, upande ambao upepo haumpelekei harufu yake. Kwa nyati, tafuta mti upande. Mamba wa Wami au wa Mto Pangani hana mashindano ya mbio na mtu yeyote, anamnyakua aliyeinama kuchota maji kabla hajajua kuna nini. Na kiboko, jambo la kwanza ni kutosimama kati yake na maji. Jambo la pili ni kutoka kwenye mstari wake, kwenda pembeni, nyuma ya mti mnene au kichuguu, au juu ya mti kama unapandika. Ukiwa na mti mita 10 kutoka ulipo, kimbia ufike. Hizo ni mita 10 za kasi na akili.

Nyuki ni jambo jingine kabisa. Nyuki wakikuvamia, kimbia, moja kwa moja, ukiukinga uso, bila kupunga mikono, mpaka uingie ndani ya nyumba au gari. Wanaweza kukufuata kwa mamia ya mita, na hapo mwenye pumzi anafaidika kweli. Nasema hivi ili isionekane naidharau stamina.

Naiheshimu mno, na ninaona inapofaa porini: kutembea kilomita nyingi kwenda kuita watu, kumbeba mwenzako aliyeumia, kuwa na nguvu za kutosha usikilize na uangalie badala ya kuinamisha kichwa ukihema. Aliyechoka haoni alama zilizo mbele yake. Alama zenyewe haziko mbali na tunapokimbilia. Mzee mmoja mkulima wa mpunga upande wa Ruvu aliwahi kutusimamisha, tukamwamkia, akaitikia, kisha akatuonyesha kwa fimbo pale tulipotaka kupita. Kwenye majani kulikuwa na mifereji miwili inayokwenda sambamba, katikati yake tuta dogo la nyasi. Miguu ya kiboko ya kulia na ya kushoto imeachana sana, kwa hiyo njia yake huwa hivyo, si kama ya ng'ombe. Pembeni, vichaka vilikuwa vimerushiwa kinyesi mpaka usawa wa kiuno, kwani dume hukitapanya kwa mkia.

"Njia hii ina mwenyewe, wanangu," akasema. "Na saa hizi anarudi."

Saa hizo ilikuwa alfajiri, bado giza. Kiboko hutoka majini jioni, anakula nyasi usiku kucha, mara nyingine kilomita kadhaa kutoka mtoni, na anarudi kabla ya jua. Vikundi vyetu vya mchakamchaka navyo hupenda saa 11 alfajiri, kwa sababu ya joto la pwani na kwa sababu watu wanawahi kazini. Hapo ndipo njia mbili zinapokutana.

Kwa hiyo walimu wa vikundi, nawaomba kwa heshima: msiwaambie vijana wajenge stamina ili mnyama asiwapate. Waambieni stamina itawamalizia kilomita zao na itawalinda mioyo yao. Kuhusu kiboko, wapangieni watoke saa 12 na nusu kumekucha, wageuzie barabarani kabla ya mashamba ya mpunga, wavue vile vya kusikilizia muziki masikioni wanapokaribia mto, na aliye mbele awe anaijua mifereji miwili akiiona.