Kabureta moja au mbili kwenye pikipiki ya majini: tofauti iko wapi?

Ukitafuta pikipiki ya majini ya zamani, zile za miaka ya 1990, utaona muuzaji ameandika kwa fahari "kabureta mbili", kana kwamba nyingine zote ni za kujifunzia. Wanunuzi wengi huelewa hapo kwamba kabureta zikiongezeka mara mbili, nguvu nayo inaongezeka mara mbili. Sivyo, na ili kuona kwa nini inabidi tuanze na jinsi injini hizi zinavyovuta hewa.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, inavuta petroli kupitia vitundu vidogo viitwavyo jeti. Kabureta za pikipiki za majini hazina kile kiboya kinachoelea ndani ya kabureta za pikipiki za barabarani na kudhibiti kiasi cha petroli. Pikipiki ya majini hulala ubavu, hurushwa na mawimbi, pengine hupinduka kabisa, kwa hiyo petroli hudhibitiwa na diaframu, yaani utando mwembamba unaofungua na kufunga sindano ya mafuta. Pampu ya petroli nayo huendeshwa na mapigo ya shinikizo yatokayo ndani ya injini yenyewe.

Injini nyingi za wakati ule zilikuwa za mipigo miwili, zenye silinda mbili. Pistoni ikipanda, chini yake hutokea mvuto unaofungua vilimi, yaani vibamba vyembamba vya kuingizia hewa, na kuingiza mchanganyiko. Pistoni hizo mbili hupishana: hii ikipanda, ile inashuka. Kwa maneno mengine, silinda zinavuta kwa zamu, kama watoto wawili wenye mrija mmoja, huyu akivuta mwenzake anameza. Ndiyo maana kabureta moja inaweza kuhudumia silinda zote mbili bila taabu kubwa. Haigawanywi nusu kwa nusu. Kila silinda ikifikiwa na zamu yake inapata karibu koo zima.

Tuchukue kabureta moja yenye koo la kipenyo cha milimita 44 tuilinganishe na mbili za milimita 38. Eneo la koo la ile ya 44 ni takriban milimita za mraba 1,520. Ya 38 ina 1,134, na zikiwa mbili jumla ni 2,268, karibu asilimia 50 zaidi. Lakini silinda moja, katika zamu yake, ilikuwa na 1,520 na sasa ina 1,134 tu! Mbona basi kabureta mbili huwa na nguvu zaidi?

Jibu liko kwenye mizunguko ya juu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nusu mzunguko huchukua milisekunde 5, yaani sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde. Hewa ina uzito, haisimami ghafla. Silinda ya kwanza bado inavuta wakati ya pili imeshaanza, na hapo ndipo zinapogombania mrija. Tena, kwenye kabureta moja mchanganyiko lazima upite kwenye mfereji unaogawanyika kona kushoto na kulia, na sehemu ya petroli hunata ukutani njiani. Kabureta mbili hukaa kila moja mbele ya silinda yake, njia ni fupi na imenyooka. Ukivuta resi ghafla injini inaitika mara moja, na kule juu haikosi pumzi. Kwenye mwendo wa pole tofauti ni ndogo mno, wengine hata hawaioni.

Yamaha SuperJet, pikipiki ya majini ya kuendeshwa ukiwa umesimama, iliendelea na mfumo huu kwa muda mrefu: kuanzia modeli ya 1996 hadi ya 2020 ilikuwa na kabureta mbili za Mikuni za milimita 38. Modeli ya 2021 ndiyo iliyohamia injini ya mipigo minne inayonyunyiziwa mafuta kwa mfumo wa injeksheni badala ya kabureta.

Sasa gharama yake. Kabureta mbili lazima zifunguke pamoja. Kiungo kinachoziunganisha kikilegea kidogo, silinda moja inafanya kazi zaidi kuliko mwenzake na injini inatetemeka. Diaframu, sindano na jeti zote ni mara mbili, na kila ukisafisha unasafisha mara mbili. Baya zaidi ni taka. Kabureta moja ikiziba, injini nzima inadhoofika na unajua papo hapo kuna tatizo. Zikiwa mbili, moja inaweza kuziba kidogo tu, chombo kikaendelea kwenda, huku silinda moja ikipata hewa nyingi na petroli haba. Inachemka. Na pale oili inapochanganywa na petroli kwenye tangi, silinda iliyokosa petroli imekosa na oili. Pistoni inajamu ukiwa mbali na ufuko.

Wapo wanaonunua kabureta ya pili na mfereji wake wakaongeza kwenye injini iliyotoka kiwandani na moja. Mimi sioni faida kama ekzosi na pangaboi vimebaki vilevile, maana hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea, na nguvu iliyoongezeka lazima ipate pa kusukumia maji. Jeti pia zinapaswa kupangwa upya. Kwa mtu wa kutembea na familia, moja inatosha. Ya pili ni ya anayependa kukimbia na asiyechoka kushika bisibisi.

Ukienda kukagua chombo chenye kabureta mbili, kiendeshwe kwanza majini kwa resi kubwa, kizimwe hapohapo, kisha toa plagi zote mbili uziweke sambamba. Zikifanana rangi, kahawia kahawia, ni dalili njema. Moja ikiwa nyeupe, kabureta ya upande huo inyimwe imani hadi ifunguliwe.