Tusker ni ya nani? Ubishi wa baa na ukweli wake

Namanga, upande wa Tanzania, jioni. Dereva wa lori kutoka Nairobi na wakala wa forodha wa Arusha wamekaa meza moja, katikati yao sahani ya nyama choma. Dereva kaagiza Tusker, kapiga funda moja, kaiweka chini. "Hii si yenyewe, kaka. Ya kwetu ina ladha yake." Wakala akaichukua chupa, akaisogeza karibu na taa, akasoma maandishi madogo ya kwenye lebo: imetengenezwa Tanzania. Dereva akapiga meza kama mtu aliyeshinda kesi. "Si nilisema?"

Alishinda nini hasa, mpaka leo sijajua. Ubishi wa bia kwetu hauishi kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Huyu anataka kujua bia ilizaliwa wapi, yule inapikwa wapi, wa tatu faida inaingia mfuko wa nani. Bia moja inaweza kuwa na nchi tatu.

"Tusker ni ya Wakenya tangu mwanzo"

Kuzaliwa ilizaliwa Kenya, hilo halina ubishi. Ila walioianzisha ni walowezi wa Kiingereza. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walifungua kiwanda Ruaraka, Nairobi, mwaka 1922, na Desemba ya mwaka huohuo mzigo wa kwanza, kreti kumi, ukapelekwa hoteli ya Stanley. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mteja. Sheria za kikoloni zilimzuia hata kuinywa bia ya chupa.

Mwaka 1923 George alikwenda kuwinda, akauawa na tembo. Jina Tusker, yaani dume la tembo lenye pembe kubwa, likatoka hapo. Wengi wanadhani yule ndovu wa kwenye lebo ni fahari ya mbuga za Kenya tu. Kumbe ni yeye aliyemwua mwenye kiwanda, na sijui bia nyingine duniani ambayo muuaji amepewa heshima ya kuitangaza biashara ya marehemu.

Leo kaulimbiu yake ni "Bia yangu, nchi yangu", na Mkenya akiwa ughaibuni akaiona kwenye friji ya duka, moyo unamruka. Lakini mwaka 2023 kampuni ya Diageo ya London iliongeza hisa zake katika East African Breweries, wenye Tusker, hadi asilimia 65. Ukifuata mkondo wa faida, sehemu kubwa ilikuwa ikiishia kwa wenye hisa wa mbali kabisa na Ruaraka.

"Kili na Safari ni zetu, hazijui Nairobi"

Hapa sisi Watanzania tunajisahau. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza 1933 kwa jina la Tanganyika Breweries, na hakikukaa muda mrefu kabla ya kununuliwa na haohao wa Ruaraka. Ndiyo maana mwaka 1936 kampuni ile ya Nairobi ilijiita East African Breweries. Bia zetu na zao zimewahi kula chungu kimoja.

Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, serikali ikaingia kiwandani. Safari Lager ilitoka mwaka 1977, kwa hiyo ukitaka bia ambayo kweli ilizaliwa mikononi mwa umma, ni hiyo. Kilimanjaro, yenye jina la mlima na iliyovalisha wachezaji wa Taifa Stars jezi, ilitoka mwaka 1996, wakati Waafrika Kusini, yaani South African Breweries, walikuwa wameshaingia ubia tangu 1993. Mwaka 2016 wakubwa wao, SABMiller, wakamezwa na AB InBev yenye makao Ubelgiji. Mlima haukusogea hata hatua moja, mwenye bia amebadilika.

Kisha kulikuwa na vita vyenyewe. Mwaka 1998 Waafrika Kusini walifungua kiwanda cha bia yao ya Castle huko Thika, mlangoni kwa Tusker. Wakenya nao walikuwa na kiwanda chao Moshi, chini ya Kilimanjaro. Walipochoka kupoteza fedha, mwaka 2002 wakapatana: viwanda vyote viwili vikafungwa, kila mmoja akabaki kwake, na Tusker ya Tanzania ikawa inapikwa na TBL (Tanzania Breweries, wenye Safari na Kilimanjaro), yaani na mshindani. Miaka kadhaa watu walikaa baa wakirushiana maneno, Tusker huku na Safari kule, na zote mbili zimetoka kwa mpishi mmoja! Mapatano yalivunjika, na mwaka 2010 East African Breweries wakanunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries ili bia yao ipate jiko jingine.

Sasa, dereva wetu alionja tofauti au alijidanganya? Watu husema ni maji. Maji yana nafasi yake, ila viwanda vikubwa huyasafisha na kuyarekebisha madini ili bia ifanane popote inapopikwa. Mimi ningeanza kushuku safari ya kreti. Bia iliyopigwa jua juu ya lori na kukaa miezi stoo yenye joto huchakaa, na ikichakaa hutoa ladha ya boksi lililolowa. Inywe chupa hiyohiyo ikiwa mbichi kutoka kiwandani, kisha tubishane.

Na kama unadhani ni ugonjwa wa Wakenya na Watanzania tu, kamuulize Mrundi habari za Amstel. Jina ni la mto wa Amsterdam, lakini atakuambia bila kupepesa kwamba Amstel ya Bujumbura ndiyo Amstel, zilizobaki ni majaribio.

"Guinness ni nyeusi, kwa hiyo ni kali"

Rangi inatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikaungua kidogo, kama buni. Kilevi hakihusiani na rangi. Guinness ya bomba anayonywa mtu wa Dublin ina asilimia 4.2, sawasawa na Tusker, na Safari yenye 5.5 inaipita. Kinachotuchanganya ni kwamba ya chupa inayouzwa kwetu ni aina nyingine, Foreign Extra, ambayo Kenya ina asilimia 6.5. Na uzito ule mdomoni ni ladha, wala damu ya ng'ombe haimo, ingawa mjomba wangu mmoja alikufa akiamini imo.

"Chupa ya kijani ndiyo ya kimataifa"

Chupa ya kahawia hukinga mwanga kuliko ya kijani. Mwanga ukipenya unaharibu uchungu unaotokana na maua ya hopsi na bia inaanza kunuka. Unaolipia zaidi ni urembo.

"Ya moto inalewesha haraka"

Mgeni anashangaa kuulizwa, "Ya moto au ya baridi?" Kwetu ni swali la kawaida kama kuuliza chai ya maziwa au ya rangi. Wapo wanaoapa kwamba ya moto inapanda kichwani upesi, na wapo wazee wanaosema ya baridi inaua kifua. Kilevi ni kilekile kwenye chupa. Baridi hufisha ulimi, hivyo uchungu na harufu havisikiki sana, na hubakiza gesi ndani ya bia. Ya moto hutoa povu haraka na kuonyesha kila kitu, hata kasoro. Anayejisifu anatambua Tusker ya Nairobi na ya Tanzania kwa ulimi, basi, aombe zote mbili ya moto.

Dereva wa Namanga ya kwake ilikuwa imetoka kwenye barafu. Aliimaliza, akamwita mhudumu. "Dada, niongeze hiyohiyo."