"Masista Watamnyoosha": Dhana na Ukweli Kuhusu Shule za Msingi za Kikatoliki

Msimu wa kutafuta shule ukifika, wazazi wengi hapa Tanzania huulizana kuhusu shule za Kikatoliki, na majibu wanayopeana mara nyingi si sahihi. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Ina jina la mtakatifu, basi ni ya Wakatoliki." Si lazima. Shule za St. Mary's, kwa mfano, zilianzishwa na mchungaji Gertrude Rwakatare wa Mikocheni B Assemblies of God. Kwa upande wa Kanisa, kanuni ya 803 ya Sheria za Kanisa Katoliki inakataza shule kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Kwa hiyo uliza mmiliki ni nani: jimbo, parokia au shirika la watawa? Kinyume chake pia kipo. Shule nyingi za misheni zilitaifishwa kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, na zipo ambazo hadi leo ni za Serikali ingawa zimepakana na kanisa.

"Mtoto wa Kiislamu atabatizwa." Hofu hii naiheshimu, maana imani ya mtoto ni amana ya wazazi wake. Lakini tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu elimu, la 28 Oktoba 1965, linazithamini waziwazi shule za Kikatoliki zinazopokea wanafunzi wasio Wakatoliki. Kanuni ya 748 nayo inakataza kumlazimisha mtu yeyote kupokea imani, na ubatizo wa mtoto mdogo kwa kawaida huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwanao atasikia sala, hilo ni kweli. Saa sita mchana wenzake watasimama kusali Malaika wa Bwana. Basi kabla ya kulipa ada, muulize mwalimu mkuu: siku ya Misa mwanangu atakuwa wapi? Kipindi cha dini atafundishwa na nani? Ramadhani itakuwaje? Shule makini ina majibu tayari.

"Masista watamnyoosha." Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu humwumiza mtoto mara mbili. Kwanza inadhani nidhamu ya Kikatoliki ni fimbo. Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye Wasalesiani wake, shirika la watawa aliloanzisha, wanalea vijana hata hapa nchini, aliandika mwaka 1877 kuhusu malezi ya kuzuia kosa kabla halijatendeka. Aliyajenga juu ya nguzo tatu: akili, dini na upendo. Mlezi anakaa na watoto, anawafahamu, yuko nao hata uwanjani wanapocheza. Si kila mwalimu anaishi hivyo. Ukiona fimbo imegeuka lugha ya darasani, una haki ya kuhoji, na mafundisho ya Kanisa lenyewe yatakuunga mkono.

Pili, inadhani malezi hukabidhiwa getini pamoja na begi. Kanuni ya 796 inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi, na wazazi vivyo hivyo. Mtoto akifundishwa kuomba msamaha shuleni, kisha nyumbani asimsikie mtu mzima hata mmoja akiomba, sista atafanya nini? Hata bweni si kimbilio tena kwa wadogo: mwaka 2023 Serikali iliweka zuio la bweni kuanzia awali hadi darasa la nne.

"Utoto Mtakatifu ni kuimba na kuvaa sare." Katika shirika hili la kimisionari la watoto Wakatoliki nyimbo zipo, na zinapendeza. Lakini Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha shirika hilo mwaka 1843, aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wa mbali. Watoto wawasaidie watoto. Ndiyo maana mzazi anayempa mwanawe noti kubwa ili aonekane mbele ya wenzake anamwondolea lile lililokusudiwa: mtoto mwenyewe aache ubuyu au andazi moja la mapumziko, ili mwenzake asiye na daftari apate la kuandikia.