Je, wajua kwa nini blugili mmoja ana sura nyingi?

Mwonyeshe mtu aliyekulia Mwanza au Kisumu samaki aliyetoka kuvuliwa kwenye bwawa la Ohio au Illinois, bapa kama sahani, mwenye miba mgongoni, naye huenda akamwita sato au ngege papo hapo. Kwa mbali wanafanana kweli. Lakini ni koo mbili tofauti, na ushahidi uko puani: sato na ndugu zake wana tundu moja la pua kila upande, huyu wa Marekani ana mawili. Ukimgeuza ubavu, ule mstari mwembamba unaokwenda mkiani haukatiki. Kwa sato umekatika vipande viwili.

Samaki huyu ni blugili, jina lenye maana ya "shavu la buluu", kwa sababu ya rangi inayong'aa chini ya kidevu na kwenye kifuniko cha shavu. Kwa wanasayansi ni Lepomis macrochirus, jina alilopewa na Constantine Rafinesque mwaka 1819. Ukoo wake, Centrarchidae, asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na wenyeji huwaita wengi wao "samaki wa jua". Mmoja wa ukoo huo anafahamika Kenya: besi wa Ziwa Naivasha, aliyepandikizwa humo mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kinachowachanganya watu ni rangi. Blugili wa bwawa hili ni mweusi-mweusi mwenye kifua cha chungwa, wa bwawa la jirani amepauka na mistari yake haionekani, na wote wawili ni blugili. Dume akiwa kwenye kiota kichwa hukoza na kifua huwaka. Jike hubaki na rangi ya upole. Maji ya tope humfifisha. Akishtuka, mistari ya ubavuni hutokeza au kupotea kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo anayemtambua kwa rangi peke yake atakosea mara nyingi, na naona hilo ndilo la kwanza analopaswa kuambiwa kila anayeanza kuvua huko.

Anza na sikio. Si sikio la kusikilizia. Ni kibapa kidogo mwishoni mwa kifuniko cha shavu. Kwa blugili ni cheusi mpaka ukingoni, bila pindo jekundu wala jeupe. Halafu tafuta doa jeusi kwenye pezi la mgongoni, nyuma kabisa, pale penye sehemu laini isiyo na miba. Kisha mdomo: ni mdogo, hata haufiki chini ya jicho. Mwisho shika pezi la ubavuni ulikunje kuelekea mbele. Ni refu lenye ncha, na kwa kawaida hufika kwenye jicho au kulipita. Neno macrochirus lenyewe maana yake ni "mkono mkubwa".

Jirani zake hushindwa mtihani huo mahali fulani. Yule aitwaye "mbegu ya boga" ana tone jekundu ukingoni mwa sikio na mistari ya buluu iliyojipindapinda mashavuni. "Sikio jekundu" naye ana pindo jekundu, na kooni amejaliwa meno mapana ya kuvunjia konokono. Mgumu zaidi ni samaki wa jua wa kijani, kwa kuwa naye ana doa kwenye pezi la mgongoni. Mtambue kwa mdomo mpana na pezi fupi la mviringo. Hata hivyo, huyu wa kijani huzaana na blugili, na wafugaji wa mabwawa huwapandisha makusudi. Watoto wao, wengi wao madume, huchukua kidogo kwa baba na kidogo kwa mama. Ukimpata samaki mwenye mdomo wa wastani asiyekubali kuingia kundi lolote, yaelekea ni chotara.

Kuna na udanganyifu wa ndani ya kundi lenyewe. Katika Ziwa Opinicon, Ontario, watafiti wamefuatilia madume wa aina mbili. Wa kwanza hungoja mpaka wafikie umri wa miaka 7 hivi, huchimba kiota kwa mkia na kulinda mayai. Wengine hukomaa mapema, wakiwa na miaka 2, wakavizia pembeni na kupenyeza mbegu zao kiotani kwa kasi. Wakikua kidogo huvaa rangi na mwendo wa jike ili mwenye kiota awaruhusu kuingia. Kwa hiyo "jike" unayemwona kiotani huenda ni dume.

Sasa kuhusu mikoa. Kwa mgawanyo uliozoeleka kuna blugili wa kaskazini, aliyeenea bonde la Mississippi na Maziwa Makuu. Wa kusini-magharibi, upande wa Texas na Meksiko. Na wa Florida, anayeitwa "pua ya shaba". Huyu wa mwisho ndiye rahisi kumtofautisha. Dume mzima ana utepe wa shaba juu ya macho, mistari yake ya ubavuni ni mipana na michache, na kwenye pezi la chini mara nyingi utahesabu vijiti laini 12 badala ya 11. Baridi kali haimfai. Kusini huko samaki hawa huweza kukua sana: blugili anayeshikilia rekodi ya dunia alivuliwa Alabama mwaka 1950, akiwa na uzito wa kilo 2.15.

Tofauti za mikoa zimeandikwa pia kwenye vinasaba. Mwaka 1960, Akihito, wakati huo mrithi wa ufalme wa Japani, alipewa blugili kama zawadi alipozuru Chicago. Wakafugwa, wakasambazwa, wakaenea mpaka Ziwa Biwa na kuwabana samaki wa asili. Mwaka 2007, akiwa mfalme, alieleza hadharani jinsi jambo hilo linavyomuumiza moyo. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya blugili wa Japani na vya Marekani, wale wa Japani wote waliangukia mahali pamoja: samaki 15 waliotoka Guttenberg, Iowa, kwenye kingo za Mississippi.