Presha ya kudumu haizaliwi na mawazo

Barazani Mtwara na Lindi, aliyekutwa na presha huambiwa: "Punguza mawazo." Kweli hofu huipandisha, lakini kwa muda; ikipita, hushuka. Presha inayokaa miaka ina vyanzo vingine, figo ikiwa kimojawapo.

Mwaka 1934, huko Cleveland, Marekani, mtafiti Harry Goldblatt alibana mishipa ya damu ya figo za mbwa kwa kibanio cha fedha. Presha ikapanda, ikabaki juu. Watafiti wengine walikata kwanza neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye figo, ndipo wakabana mishipa; ikapanda vilevile. Figo inayopungukiwa damu humwaga kwenye damu kemikali iitwayo renini, ambayo huzalisha nyingine, anjiotensini. Hii hubana mishipa mwili mzima na kuzuia chumvi isitoke kwenye mkojo. Hapo hata mtu mtulivu kabisa hupanda presha.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mloweke, mwaga maji, rudia, na mchuzini usiongeze chumvi. Unapopima, kaa kwanza dakika 5, mkono usawa wa moyo, usiongee. Kinachotuuma zaidi ni dawa kuachwa eti mawazo yameisha: presha hurudi kimyakimya, bila hata kichwa kuuma.