Vidole vya chumvi na kitufe cha kuhifadhi

Lawama yangu ya kwanza kwa mradi wa programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ilikuwa sentensi moja: "Programu yenu haifai kwenye simu." Niliituma usiku, nimeudhika. Asubuhi nikakuta wameifunga, wameacha swali chini yake: simu gani, ukurasa upi? Nilinuna wiki nzima. Leo kazi yangu ni kupima programu pamoja na wanaozitumia, na nakiri walikuwa na haki.

Kilichonifungua macho ni Paje, ufukweni Zanzibar, maji yakiwa yamekupwa. Kikundi cha kina mama wa mwani kilikuwa kinaandika kilo zake kwa programu ya fomu ambayo mimi, nikiwa mjini kivulini, niliiona safi kabisa. Katibu wao akaingiza uzito, akabonyeza kuhifadhi, fomu ikafutika. Mara ya tatu akanirudishia simu: "Mwanangu, nipe daftari."

Nilichukua rula. Kitufe cha kuhifadhi na cha kufuta vilikuwa na kimo cha milimita 5 kila kimoja, tena vimegusana. Mwongozo wa Android unapendekeza 48 dp (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), yaani kama milimita 9. Ongeza maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme na kuifanya skrini ihisi mguso pasipokuwa na kidole. Maandishi nayo yalikuwa ya kijivu juu ya weupe. Miongozo ya WCAG, ya kurahisishia watu wote kutumia kurasa za mtandao, inataka utofauti wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na mandharinyuma, ingawa kwa jua la ufukweni mimi naona hata huo ni mdogo.

Safari hii sikulalamika. Kwanza nilitafuta kama kuna aliyekwisha kulisema. Alikuwepo, nikajiunga na hoja yake, yaani taarifa ya tatizo kwenye ukurasa wa mradi, badala ya kufungua mpya. Nikaandika aina ya simu, toleo la Android, hatua nilizopita, nilichotarajia na kilichotokea, pamoja na video fupi ya vidole tu, bila sura ya mtu. Hoja hiyo ilihusu vitufe peke yake. Rangi ya maandishi nikaifungulia hoja nyingine, maana hoja moja yenye malalamiko saba hakuna anayejua lini imekwisha.

Nikataja pia kinachofanya kazi: programu inatunza fomu bila mtandao na kuzituma baadaye. Sikuwa nawapaka mafuta. Anayerekebisha asipojua unategemea nini, anaweza kukivunja. Na mara nyingi ni mtu anayefanya hivyo usiku baada ya kazi yake, bila malipo. Leseni huria inakupa ruhusa ya kubadilisha msimbo, haikupi mtumishi.

Walijibu kwa kuhamishia kitufe cha kufuta ndani ya menyu. Wakati wa bamvua iliyofuata tukarudi Paje na toleo la majaribio. Katibu akabonyeza, fomu ikabaki. Kisha akakisogeza kioo karibu na macho, akasoma kitufe: "Okoa".

"Mwanangu, hapa tunamuokoa nani?"

Hiyo nayo nimeifungulia hoja yake.